Mvi za kununua Morogoro: wazee wazificha, vijana wazilipia

KATIKA maduka ya vipodozi ya mjini Morogoro, bidhaa mbili zinazopingana hukaa rafu moja. Ya kwanza ni pakiti ndogo ya dawa nyeusi ya kufichia mvi. Ya pili ni fungu la rasta za rangi ya kijivu, au chupa ya rangi ya nywele inayoitwa ya fedha, ambayo humfanya msichana wa miaka 20 aonekane na kichwa cha bibi yake. Muuzaji ni mmoja na droo ya fedha ni moja. Wateja wake wawili wanaweza kupishana mlangoni, mmoja akiikimbia mvi na mwingine akiifuata.

Kwa mwenye duka hilo ni neema, maana anapata pande zote mbili. Kwa jamii ni hoja inayogawa watu. Wapo wanaoiona mvi ya kununua kuwa pambo kama pambo jingine lolote, na wapo wanaoiona kuwa mzaha kwa heshima ya utu uzima. Kwa mteja mwenyewe ni suala la fedha na la afya, kwa sababu kugeuza nywele nyeusi kuwa za kijivu si sawa na kugeuza za kijivu kuwa nyeusi. Anayeingia saluni bila kuijua tofauti hiyo anaweza kutoka na nywele zilizokatika, ama na ngozi ya kichwa iliyoungua.

Nyeusi hatua moja, kijivu hatua tatu

Mvi ya asili huja yenyewe. Katika shina la kila unywele zipo chembe zinazotengeneza rangi. Umri unaposonga chembe hizo hupungua na hatimaye huacha kazi, na unywele unaoota huwa mweupe. Ule ukijivu unaoonekana kwa mbali ni mchanganyiko tu wa nywele nyeupe na nyeusi. Mara nyingi jambo hili hurithiwa, ndiyo maana katika baadhi ya koo watu hupata mvi wakiwa bado vijana. Pia upungufu wa vitamini B12 na maradhi ya tezi ya shingo huweza kuleta mvi kabla ya wakati.

Kuificha mvi ni kazi rahisi. Unywele mweupe hauna rangi ndani yake, hivyo ukipakwa dawa nyeusi unaipokea mara moja. Kazi hiyo hufanyika nyumbani kwa brashi na bakuli, na ndani ya saa moja imekwisha.

Kuitengeneza mvi ni kinyume chake. Rangi haiwezi kupunguza weusi, inaongeza tu. Ukipaka rangi ya kijivu juu ya nywele nyeusi hakuna kitakachoonekana, kama vile chaki nyembamba isivyoonekana juu ya kaniki. Kwa hiyo msusi hulazimika kupitia hatua tatu. Kwanza, weusi huondolewa kwa poda ya blichi iliyochanganywa na maji ya peroksaidi. Pili, kazi hiyo hurudiwa mpaka nywele zipite kwenye wekundu, kisha rangi ya chungwa, na kufikia manjano hafifu kama ndani ya ganda la ndizi. Tatu, hupakwa rangi yenye zambarau au buluu, ambayo huuzima umanjano huo na kuacha kijivu au fedha.

Nguvu ya peroksaidi huandikwa kwenye chupa kwa namba. Namba 20 ni sawa na asilimia 6, namba 30 ni asilimia 9 na namba 40 ni asilimia 12. Kadiri namba inavyopanda ndivyo weusi unavyotoka haraka, na ndivyo unywele unavyozidi kudhoofika. Msusi mwenye haraka huvutwa na namba kubwa, kwa kuwa mteja anayefuata amekwisha kaa kwenye benchi. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Tatizo kubwa zaidi ni nywele zilizokwisha kutiwa dawa ya kunyoosha. Dawa hiyo huwa na magadi makali yanayovunja na kupanga upya viungo vya ndani vya unywele. Unywele uliopitia dawa hiyo, ukiongezewa blichi, huwa kama kamba iliyokatwa nyuzi nusu. Unaweza kukatika siku ile ile ukichanwa, au baada ya wiki mbili ukianza kusukwa.

Maji nayo ni sehemu ya kazi. Blichi haisubiri. Wakati wake ukifika lazima ioshwe mara moja na kwa maji mengi. Mji wa Morogoro hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Bwawa la Mindu na vijito vinavyoteremka Milima ya Uluguru. Bomba likikauka katikati ya kazi, saluni isiyo na pipa la akiba inamweka mteja wake hatarini. Ndoo moja haitoshi kuosha kichwa kilichopakwa blichi.

Rasta zachukua soko

Kwa sababu hizo, wanawake wengi wanaotaka kijivu hawagusi nywele zao kabisa. Hununua rasta, wivingi au wigi. Huko kijivu si kazi ya msusi, kwani kimekwisha tiwa kiwandani. Nyuzi nyingi za rasta ni za plastiki maalumu. Mojawapo inayojulikana sana ni Kanekalon, inayotengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japan.

Wauzaji wa rasta hutumia namba kama wauzaji wa nguo wanavyotumia saizi. Namba 1 ni nyeusi tii. Namba 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo, inayofanana na nywele za watu wengi. Namba 613 ni ya manjano. Rangi za kijivu huja ama tupu, ama zimeunganishwa na 1B ili shina liwe jeusi na ncha ziwe za majivu. Aina hii ya pili hupendwa na wanaoogopa macho ya watu, kwa kuwa nywele ikifungwa nyuma kijivu hupungua, na ikiachiwa huonekana chote.

Bidhaa hizi hufika Morogoro kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Tangu treni ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, safari ambayo kwa basi ilikuwa ya saa kadhaa sasa ni ya chini ya saa mbili. Mfanyabiashara mdogo anaweza kwenda Kariakoo asubuhi, kuchagua rangi mwenyewe na kurudi dukani jioni. Hata hivyo, njia hiyo hiyo inampeleka mteja mwenye uwezo kwenye saluni za Dar es Salaam. Reli imeleta bidhaa karibu, na imeleta washindani karibu pia.

Hesabu ya wiki nane

Wateja wengi huuliza bei ya siku ya kwanza na kusahau bei ya siku zinazofuata. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila mmoja anaweza kuweka bei za mtaani kwake.

Chukua mama anayeficha mvi kwa dawa nyeusi nyumbani. Tuseme pakiti na vikorombwezo vyake ni Sh. 5,000, na anarudia kila wiki nne. Kwa wiki nane atatumia Sh. 10,000, yaani Sh. 1,250 kwa wiki.

Chukua msichana anayesuka rasta za kijivu. Tuseme anatumia pakiti tano za Sh. 4,000 kila moja, na ufundi ni Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 40,000. Zikikaa kichwani wiki nane, gharama ni Sh. 5,000 kwa wiki.

Sasa chukua anayegeuza nywele zake mwenyewe. Tuseme poda, peroksaidi na rangi ni Sh. 25,000 na ufundi ni Sh. 30,000, jumla Sh. 55,000. Lakini nywele huota takriban sentimeta moja kwa mwezi, na shina hutoka jeusi. Rangi ya kijivu nayo hupauka kwa jua na kwa kuoshwa, na ule umanjano hurudi. Baada ya wiki nne atarudi saluni kwa matengenezo ya, tuseme, Sh. 25,000. Kwa wiki nane ametumia Sh. 80,000, yaani Sh. 10,000 kwa wiki.

Kwa mfano huu, mvi ya kununua ina gharama mara nane ya mvi ya kufichwa, na rasta za kijivu zina gharama nusu ya rangi ya kijivu. Bado haijahesabiwa bei ya nywele zitakazokatika. Anayetaka kujaribu tu atapata jibu lake kwenye rasta, maana akichoka anazifumua na nywele zake zipo pale pale.

Vijana wasema pambo, wazee waguna

Wanaopenda mtindo huu husema kijivu ni rangi kama nyekundu au bluu. Husema pia kwamba kinang'aa vizuri juu ya ngozi nyeusi. Wengine wameuona kwa wasanii wa nje, hasa baada ya Rihanna kujitokeza na nywele za kijivu mwaka 2013, na mtindo ulipoenea katika mitandao ya kijamii kuanzia mwaka 2015 kwa jina la nywele za bibi. Kwa mji wenye vyuo vikubwa kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu Mzumbe kilicho nje kidogo ya mji, haishangazi kwamba mitindo hufika mapema. Msichana aliyepitia shule ya sekondari, ambako wengi hutakiwa kukata nywele fupi, akifika chuo huiona nywele kuwa mali yake kwa mara ya kwanza.

Kwa upande wao, wanaopinga hawapingi rangi. Wanapinga maana yake. Kwa Waluguru, ambao hufuata ukoo wa mama, mambo ya ardhi ya ukoo na ya urithi yameamuliwa tangu zamani na wakubwa wa ukoo. Hata soko kuu la mjini lina jina la Chifu Kingalu, ambalo ni jina la kurithishana la machifu wa Kinole, walioheshimiwa milimani kwa kuombea mvua. Katika mazingira hayo mvi ni ushahidi kwamba mtu ameona mengi. Penye wazee haliharibiki neno, na mzee hujulikana kwanza kwa kichwa chake. Anayeinunua alama hiyo dukani, kwa maoni yao, anavaa nishani ya vita asivyopigana.

Hoja hiyo ina uzito, lakini ina upande wake dhaifu. Wengi wa wanaolalamika kwamba vijana wanachezea mvi ndio hao hao wanaoziondoa vichwani mwao. Kama mvi ni heshima, mbona zinafichwa?

Jibu la swali hilo liko kwenye ajira. Matangazo mengi ya kazi serikalini husema mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, na umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma ni miaka 60. Katika kampuni binafsi ukomo mara nyingi hauandikwi, lakini mwombaji anaujua. Mtu wa miaka 43 mwenye kichwa cheupe huogopa kwamba atahesabiwa kuwa wa miaka 55 kabla hajafungua mdomo. Ng'ombe hazeeki maini, lakini mwajiri haoni maini. Kwa huyu dawa nyeusi si urembo. Ni sehemu ya gharama za kutafuta kazi, kama nauli na kunakili vyeti.

Katika siasa mambo huweza kugeuka. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2005 hadi 2008, aligombea urais mwaka 2015 akiwa na kichwa cheupe asichokificha. Huko mvi husomwa kama ukomavu. Kwa hiyo mvi moja ina bei mbalimbali: kwa mgombea ni mtaji, kwa mwombaji kazi ni hasara, kwa mwanafunzi ni pambo.

Kuna upande mwingine ambao hauna mzaha. Katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wakinyooshewa kidole kwa sababu ya dalili za uzee kama macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya moshi wa jikoni. Msichana anayevaa mvi mjini anaweza kuivua kesho. Kikongwe wa kijijini hawezi. Anayeuliza kwa nini baadhi ya wazee hawaucheki mtindo huu, sababu mojawapo ni hiyo.

Dini na rangi

Miongoni mwa Waislamu, ambao ni wengi Morogoro mjini na milimani, suala la kubadili mvi lina mafundisho yake. Wanazuoni hutaja habari za Abu Quhafa, baba wa Abu Bakr, aliyeletwa mbele ya Mtume wakati wa kutekwa Makka akiwa na kichwa na ndevu nyeupe pe. Iliagizwa mvi hizo zibadilishwe, na weusi uepukwe. Kutokana na habari hiyo wanazuoni wengi hupendelea hina, na wengi wao huchukia au hukataza rangi nyeusi.

Ndiyo sababu ndevu za rangi ya chungwa si jambo la ajabu baada ya sala ya Ijumaa. Majani ya hina hutoa rangi nyekundu ya chungwa ambayo haionekani sana juu ya nywele nyeusi, lakini juu ya mvi huwaka. Mzee wa namna hiyo haufichi umri wake. Anaupamba. Kwa maana hiyo, jambo la kupaka rangi kichwa chenye mvi lina historia ndefu kuliko saluni. Jambo jipya ni kupaka mvi kichwa kisicho nazo.

Hata hilo si jipya kote duniani. Katika Ulaya ya karne ya 18 matajiri walijipaka unga mweupe kwenye nywele na mawigi, vijana kwa wazee. Mwaka 1795 serikali ya Uingereza iliweka ada ya gini moja kwa mwaka kwa kila anayetaka kutumia unga huo. Unga wenyewe ulitokana na wanga wa nafaka, na mwaka huo mavuno yalikuwa mabaya na mkate ulikuwa ghali. Wengi waliacha kujipaka, na mtindo ukafifia. Kodi moja na njaa moja vilimaliza fasheni ya miaka mingi.

Kodi na amri juu ya kichwa

Tanzania nayo imewahi kuingilia vichwa vya raia wake. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga vita minisketi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana, kwa hoja kwamba ni uigaji usiofaa. Wigi lilikuwa suala la siasa miaka mingi kabla halijawa suala la kodi.

Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, vipodozi vilirudi kwa wingi na kalikiti ikatamba mijini. Tangu hapo serikali imeziangalia nywele za bandia zaidi kama chanzo cha mapato. Katika bajeti ya mwaka 2019/20, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alitangaza ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazoingizwa kutoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini.

Maana yake kwa mfanyabiashara huonekana kwa mfano. Tuseme pakiti ina thamani ya Sh. 2,000, ukiacha ushuru wa forodha. Ikitoka nje, asilimia 25 huifikisha Sh. 2,500, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huifikisha Sh. 2,950. Ikitengenezwa nchini, asilimia 10 huifikisha Sh. 2,200, na baada ya asilimia 18 inakuwa Sh. 2,596. Tofauti ni Sh. 354 kwa pakiti. Kwa mteja wa pakiti tano ni Sh. 1,770. Si fedha nyingi kwa mtu mmoja, lakini kwa duka linalouza mamia ya pakiti ndiyo kodi ya pango.

Usimamizi wa ubora nao ulibadilika mwaka huo. Kazi ya kusimamia vipodozi ilitoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa na kwenda kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi wala orodha ya vilivyomo si bidhaa ya kuweka rafuni, hata ikiwa ya bei nafuu kiasi gani.

Hatari iliyo kwenye dawa nyeusi

Wengi hudhani blichi pekee ndiyo yenye madhara. Dawa nyeusi nayo ina yake. Dawa nyingi za kudumu hutumia kemikali inayoitwa parafenilinidayamini, au kwa kifupi PPD. Kemikali za aina hiyo ndizo zilizoiwezesha Ufaransa kuanzisha biashara kubwa ya rangi za nywele, pale mkemia Eugène Schueller alipotengeneza rangi yake mwaka 1907 na kuanzisha mwaka 1909 kampuni iliyokuja kuitwa L'Oréal.

Kwa watu wengi dawa hizi hazileti tatizo zikitumiwa ipasavyo. Lakini baadhi hupata mzio: kichwa kuwasha, masikio na macho kuvimba, ngozi kutoka malengelenge. Mzio huu unaweza kuja hata kwa mtu aliyekwisha tumia dawa hiyo miaka mingi bila shida, na ukishaingia hautoki. Katika Umoja wa Ulaya kiwango cha PPD kwenye nywele hakiruhusiwi kuzidi asilimia 2.

Hatari huongezeka dawa ya nywele inapogeuzwa piko na kuchorwa mikononi na miguuni kwa ajili ya harusi. Dawa hiyo haikukusudiwa kukaa juu ya ngozi. Katika Sudan, ambako PPD huchanganywa na hina ili ikolee haraka, madaktari wameandika tangu miaka ya 1980 juu ya wagonjwa waliovimba koo na kushindwa kupumua, na wengine waliofeli figo baada ya kuimeza. Kwa hiyo pakiti ya dawa hiyo ikae mbali na watoto na mbali na vyombo vya jikoni.

Kipimo cha kujikinga hakigharimu kitu. Mteja hupakwa tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, kisha husubiri saa 48. Pakiwasha au pakivimba, dawa hiyo si yake. Saluni nyingi huruka hatua hii kwa sababu mteja ana haraka, lakini mteja aliyevimba uso hatarudi, na majirani zake hawatakuja.

La kufanya kwa wenye duka na saluni

Kwa mwenye duka, kijivu ni bidhaa ya kuonjesha, si ya kujaza stoo. Namba 1 na 1B huuzwa siku zote, msimu wowote. Kijivu hufuata fasheni, na fasheni ikipita pakiti hubaki rafuni zikififia kwa jua la dirishani. Mtaji mkubwa ukae kwenye nyeusi, na kijivu kiongezwe kabla ya misimu ya mahafali na sherehe. Wateja wa kutoka milimani, ambao kipato chao hufuata ndizi za Kinole, mboga za Mgeta na viungo vya Matombo, huwa na fedha baada ya mavuno. Duka linaloijua kalenda ya shamba hujua wakati wa kuagiza.

Kwa mwenye saluni, maswali matatu yatangulie poda: nywele zilitiwa dawa ya kunyoosha lini, zimewahi kupakwa rangi gani, na ngozi ya kichwa ina kidonda au la. Pipa la maji liwe limejaa. Msusi avae mipira ya mikononi, maana yeye hushika kemikali hizo kila siku wakati mteja hukutana nazo mara moja kwa mwezi. Nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha mteja ashauriwe rasta, hata kama faida ya saluni itapungua siku hiyo. Fedha ya blichi ni kubwa mara moja, lakini kichwa kilichobaki kizima hurudi mwaka mzima.

Kwa mteja, uamuzi ni wake na mvi ni zake, za kuzaliwa nazo au za kununua. Ajue tu kwamba anaweza kuchagua rangi lakini hawezi kuchagua namna watu watakavyoisoma. Akienda ofisini kuomba kazi au kikao cha ukoo milimani, kijivu hicho hicho kitapewa maana mbili tofauti.

Kwa sasa droo ya muuzaji inaendelea kupokea kutoka pande zote mbili. Mama ateremkaye na tenga la ndizi kutoka Kinole, mvi zake zikiwa chini ya kitambaa, hana haja ya kulipia kitu ambacho miaka imempa bure. Mjukuu wake anakilipia Sh. 4,000 kwa pakiti. Wakikutana sokoni Kingalu, mmoja atacheka na mwingine ataguna, na wote wawili wataendelea na shughuli zao.